Gari juu ya mshikaki

Maneno ya mfanyakazi wa mradi mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kalehe



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya hiki chuma kirefu munachokiona hapa nje, kile watoto wanakiita mshikaki. Leo mutapiga kura. Wengine wanasema tukiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pesa iingie katika sanduku la kusaidiana. Wengine wanasema tukiweke. Sitaki mupige kura bila kujua kilitoka wapi, kinafanya kazi gani, na kilitugharimu nini. Nitasema yote, hata ile sehemu haipendezi, kwa maana ile sehemu inanihusu mimi mwenyewe.

Tuanze na gari. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya Alhamisi, mvua ilinyesha, mito ikashuka kutoka milimani na mawe, miti na matope, ikaingia Bushushu na Nyamukubi. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Sitaongeza neno juu ya ile siku, maana humu ndani muko watu muliozika, na wengine hamukupata hata mtu wa kuzika. Ninasema tu kwamba ile Hiace yetu nyeupe ilibaki katika matope mpaka nusu ya milango. Mwenyewe alipoona hana nguvu ya kuitengeneza, akaiacha kwa shirika. Alisema, ikipona ibebe wagonjwa na mizigo ya wamama wa soko. Ikishindikana, tuikate tuuze vipande.

Mekanisiye aliisafisha motere, akabadilisha mafuta, ikawaka. Tulipiga makofi. Lakini muzee fundi wetu wa bodi hakupiga makofi. Alilala chini ya gari na tunevisi mkononi, akatoka na uso wote umejaa kutu, akasema: «Motere ni mzima, lakini nyumba yake inaoza.»

Mimi sikuelewa haraka. Niliona rangi nyeupe, milango inafungwa, kioo kiko. Akanieleza, na mimi ninawaeleza ninyi vilevile. Gari kama Land Cruiser ina shasi yake chini, vyuma viwili virefu vizito, na bodi inakaa juu kama nyumba juu ya msingi. Ukitaka, unafungua bulo, unanyanyua bodi, unaitengeneza pembeni. Hiace yetu haiko hivyo. Shasi na bodi vimechomelewa kuwa kitu kimoja. Sakafu, vile visanduku virefu chini ya milango na kuta zake, vyote pamoja ndiyo mifupa yake. Vile visanduku viko na uwazi ndani. Matope yakiingia hayatoki, yanashika maji miezi na miezi, na bati inaliwa kutoka ndani kwenda nje. Juu unaona rangi nzuri. Chini tunevisi inaingia kama kisu katika ndizi iliyoiva. Gari ya namna hiyo unaweza kuijaza watu, ikatembea vizuri, halafu siku moja kwenye shimo la barabara ikajikunja katikati.

Sasa, hapa kwetu fundi anatengeneza vipi chini ya gari? Munajua. Njia ya kwanza, anainua gari kwa kriki, anaweka mawe na vipande vya miti, analala chali chini. Anachomelea kuelekea juu. Chuma iliyoyeyuka inataka kushuka, haitaki kupanda, kwa hiyo inamwangukia shingoni, masikioni, ndani ya shati. Vumbi la kutu linaingia machoni. Na kazi yenyewe inatoka mbaya, maana fundi anayejikinga na moto hawezi kuangalia vizuri anachofanya. Tena udongo wetu ukilowa, kriki inazama yenyewe polepole. Njia ya pili, watu kumi wanalaza gari upande juu ya pine za zamani, kwa kamba na kelele. Pale unaona chini, ndiyo, lakini upande ule mwingine unabonyea, na kila ukitaka kubadili upande unaita tena watu kumi.

Kijana mmoja wa kundi la kuchomelea, ninyi wote munamjua, alikuwa ameona picha katika simu. Nguzo mbili, moja mbele ya gari, moja nyuma. Gari iko uchi, haina motere, haina milango, haina vioo, haina magurudumu, imeshikwa mbele na nyuma tu, na inageuka. Kwa Kifaransa mafundi wanaiita turnebroshi, jina la ule mti wa kugeuzia nyama juu ya moto. Yule kijana hakuhitaji jina. Alisema: «Ni kama mbuzi wa arusi, muzee. Badala ya fundi kulala chini ya gari, gari inamgeukia fundi.»

Katika mradi tulikuwa na pesa ya mafunzo ya vijana waliorudi, na pesa kidogo ya vifaa. Kununua mashine ya namna hiyo hatungeweza. Lakini vyuma chakavu havikosi kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Goma. Tulitafuta vitovu viwili vya magurudumu ya lori lililokufa, na beringi zake ndani, ili viwe mahali pa kuzungukia. Tulipata tiyo nene za nguzo, na vyuma vya pembe kwa miguu. Miguu tuliipanua sana, maana nguzo ikiwa na miguu myembamba inaanguka pamoja na mzigo. Chini tuliunganisha nguzo mbili kwa chuma kimoja kirefu, ili zisiachane. Kwenye kitovu kimoja tuliweka sahani ya chuma yenye matundu manane kwa mzunguko. Ukifika pembe unayotaka, unapitisha bulo nene katika tundu, bodi haiendi mbele wala nyuma.

Nguzo zilitengenezwa vizuri. Kosa halikuwa katika nguzo. Na hapa ninafika kwenye ile sehemu niliyoahidi.

Gari unaishika mbele na nyuma pale bamba linapofungwa, kwa sababu pale kuna matundu ya bulo na chuma ina nguvu. Lakini pale ni chini. Uzito wa bodi, sana sana ya gari ndefu kwenda juu kama Hiace, uko juu zaidi ya pale. Ukiweka kitovu sawa na bamba, uzito mkubwa unakuwa juu ya kitovu. Jaribu kusimamisha ndoo iliyojaa juu ya kidole, utaelewa. Ikiinama kidogo tu, inajigeuza yenyewe, na hakuna mkono wa kuizuia.

Muzee fundi alilijua hilo. Alisema mbele yangu: «Mwanangu, niache nipime kwanza uzito unakaa wapi. Nipe siku mbili.» Mimi nilijibu kwamba wageni wanafika kesho. Na si hilo tu, wandugu. Katika raporti ya miezi mitatu kulikuwa na nafasi ya picha, na mimi nilitaka picha ya gari imegeuka. Nilisema: «Tugeuze kidogo tu, nipige picha, halafu mutapima.» Mimi ndiye niliyesoma universite, mimi ndiye nilikuwa na kalamu ya kusaini mafuta ya jenereta. Muzee alinyamaza. Kunyamaza kwake mimi nilikuchukua kama kukubali.

Vijana wanne walisukuma. Bodi ilikwenda polepole, halafu ikakwenda yenyewe. Kona ya chini ilipanda, ile ya juu ikashuka, ikaukuta mkono wa kijana mmoja na kuubana kwenye nguzo. Mfupa ulivunjika chini ya kiwiko. Ni yule yule aliyeleta picha.

Ameniruhusu nisimulie, bila jina. Tulimpeleka kwa pikipiki, mimi nyuma yake nikimshikilia, na kila jiwe la barabara nililisikia kupitia kwake. Katika bajeti ya mradi hakukuwa na mstari hata mmoja wa ajali. Nilitafuta ukurasa kwa ukurasa, kulikuwa na kofia, kulikuwa na karatasi, kulikuwa na kinywaji cha wageni. Aliyelipa hospitali ni ninyi, kwa sanduku la kusaidiana, ile pesa ya kila mwezi ambayo mama anauza mihogo na kutoa. Mfupa uliungana. Mkono unafanya kazi, lakini akiwa na baridi bado unamwuma, na alikaa miezi bila kushika mashine.

Wageni walipofika sikuwaonyesha picha yoyote. Niliwaambia kilichotokea. Niliogopa sana ile siku. Lakini ninawashukuru, hawakuufunga mradi. Walituuliza swali moja: mutaendelea vipi?

Tuliendelea kwa kumwachia muzee fundi kazi yake. Wandugu, nitasema alivyofanya, maana wengine wenu muko na garaji na mutataka kujaribu.

Kwanza, tuliondoa bodi, tukairudisha juu ya madriye. Tukatengeneza mikono miwili ya chuma, moja mbele, moja nyuma. Kila mkono unafungwa kwa bulo pale kwenye bamba, halafu unapanda juu, na una matundu mengi yamepangwa kama ngazi. Kitovu kinafungwa katika tundu unalochagua. Kwa njia hiyo unashika gari chini kwenye nguvu, lakini unaizungusha kutoka juu, pale uzito ulipo.

Pili, alichukua kamba. Aliifunga kwenye kitovu, akaivuta mpaka kona ya mbali kabisa ya bodi, akaizungusha yote. Kitovu lazima kiwe mbali na udongo kupita urefu wa ile kamba, sivyo kona itagonga chini kabla ya kumaliza kuzunguka. Kwa Hiace yetu ilitubidi kuongeza urefu wa nguzo mpaka kifuani mwa mtu mrefu.

Tatu, jaribio. Kamba nne, mbili kila upande, na watu wanaozishika wakisimama mbali, hakuna mtu karibu na kona. Madriye chini, tayari kupokea. Unainamisha bodi kidogo, kama mtu anayeinamisha kichwa kusalimia, halafu unalegeza kamba na kuangalia inataka nini. Ikitaka kuendelea kuanguka, kitovu kiko chini mno, ongeza tundu moja juu. Ikirudi kwa nguvu kusimama, kitovu kiko juu mno, shusha. Inayofaa ni ile inayobaki karibu pale ulipoiacha, na inarudi polepole tu, kama mtoto anayerudi nyumbani bila kukimbia. Kila tundu maana yake kuishusha bodi tena, kufungua bulo, kufunga bulo. Tulitumia siku mbili nzima kwa matundu matatu. Ndizo zile siku mbili alizoniomba.

Ine, kabla ya kukata bati yoyote iliyooza, aliweka vyuma ndani ya nafasi za milango, vikiwa vimesimama na vingine vimepita mshazari. Ule mlango wa pembeni ni mkubwa kama wa duka. Ukikata kisanduku cha chini bila kuushikilia, bodi inajilegeza, na baadaye hakuna mlango utakaofungwa. Alipima kwa kamba kutoka kona hadi kona, mshazari mmoja na mshazari wa pili, akaandika ukutani kwa makaa. Kila jioni alipima tena. Tangi ya mafuta ilikuwa imeshatoka mbali siku ya kwanza kabisa, na betri pia. Moto na mvuke wa mafuta havikai nyumba moja.

Siku tuliyoigeuza kabisa, hakuna aliyepiga kelele. Ilizunguka, tumbo likaja juu, na bulo ikaingia katika tundu lake. Halafu tulisikia kitu ndani ya chuma kikiteremka, kama mchanga katika kibuyu. Muzee alipokata kisanduku cha kwanza, matope makavu yalimwagika. Ndani yake mulikuwa mbegu za maharagi, kifuniko cha soda, na ndara moja ndogo ya mtoto. Hatujui ni ya nani. Inaweza kuwa ya mtoto aliyepanda tu ile gari zamani akaipoteza. Lakini kazi ilisimama, na hakuna aliyeiamuru isimame. Ile ndara tuliikabidhi kwa Mama mweka sanduku, na nafikiri bado anayo.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Vijana walichomelea wakiwa wamesimama, kazi iko mbele ya kifua, kwa mwanga wa mchana. Chuma iliyoyeyuka ililala pale ilipowekwa. Wale wanafunzi wapya, ambao kuchomelea juu ya kichwa kungewachukua muda mrefu kujifunza, walitengeneza mistari safi. Bati mpya iliingia chini ya milango na kwenye sakafu ya nyuma. Tulisugua kwa brosi ya chuma, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi nzito ya chini, na rangi ilifika kila kona kwa sababu tuliiona kila kona. Ndani ya visanduku tulimwaga mafuta na kugeuza bodi ili yaenee yenyewe. Mwishoni tulitoboa matundu madogo chini, ili maji yakiingia yapate njia ya kutoka. Milango ilirudi. Muzee alifunga ule wa pembeni kwa kidole kimoja, akaniangalia, hakusema kitu.

Munajua gari iko wapi leo. Iko kwenye barabara. Mumeipanda.

Sasa kura. Wanaotaka kuuza chuma wana sababu, sitawaficha. Kinakula nafasi uwanjani. Hakifai kwa kila gari: Land Cruiser haiuhitaji, na kibati kimoja kilichotoboka hakistahili kazi yote hii ya kuvua gari uchi. Na sanduku lilitoa pesa kwa ajali, ni haki sanduku lirudishiwe.

Lakini mimi ninaomba tukiweke. Angalieni barabara yetu. Taksibisi ngapi zinapita hapa, rangi nzuri juu, na chini hatujui? Ndani yake tunapanda sisi, na watoto wetu. Tukikodisha hiki chuma kwa garaji za hapa pamoja na vijana wetu waliojifunza, sanduku litarudishiwa polepole, na lile tulilolilipia kwa mfupa wa mtu litabaki kwetu. Tukiuza, tutauza kilo za chuma. Zile siku mbili za kupima hakuna atakayezinunua.

Nina ombi kwa pande mbili. Kwa wanachama: tukikiweka, kiwe na sheria, na sheria ya kwanza ni kwamba fundi akisema «niache nipime», hakuna prezida, hakuna mgeni, hakuna mtu wa mradi anayemwambia kesho. Kwa wafadhili: munapotupa pesa ya kufundisha vijana kazi ya moto na chuma, wekeni mstari mmoja wa ajali na mstari mmoja wa muda wa kujaribu. Musingojee picha. Sisi tunaoandika raporti tunawaogopa kupita kiasi, na uoga wetu unateremka mpaka kwa yule mdogo kabisa aliyesimama karibu na kona.

Yule kijana yuko hapa, amekaa kule nyuma. Sasa yeye ndiye mshika kamba. Kila bodi ikipandishwa, hakuna anayesukuma kabla yeye hajainua mkono. Ule ule mkono.

Mama mweka sanduku, karatasi za kura ziko kwako.